Dodoma bajeti ya nyumba inaanza mwezi wa sita, sio Januari

Mbukwenyi. Hii nawaandikia familia za Dodoma mjini na pembeni yake, Nkuhungu, Ipagala, Nzuguni, Chang'ombe, Mkonze huko, na walioko Singida na Manyoni nao itawafaa maana mvua yetu ni moja. Na hapo ndo penye hoja yangu yote. Bajeti nyingi zinazosambazwa ni za mwezi kwa mwezi, mshahara ukisoma unagawa asilimia kadhaa chakula, kadhaa kodi, kadhaa akiba, basi umemaliza. Kwa mtu wa Bukoba mwenye mvua mbili na ndizi mwaka mzima inaweza kukubali. Huku kati mvua inaanza Desemba, ikijivuta sana Januari, Aprili imekata, watu wakishavuna mwezi wa tano wa sita ndo basi mpaka mwakani. Kwaiyo bei ya nafaka karibu kila mwaka inatembea vile vile, inalala mwezi wa sita mpaka wa nane, wa kumi inaanza kunyanyuka, Januari na Februari inakua haishikiki, na ndo wakati huo huo shule zinafunguliwa na hela yote imeishia kwenye sikukuu. Sasa mtu anaenunua unga kilo tano tano dukani mwaka mzima anajiona ana nidhamu, kumbe nusu ya mwaka ananunua kwa bei ya njaa.

Kwaiyo mwaka wa nyumba yako uanze mwezi wa sita uishe wa tano. Ukishabadilisha hilo mengine yanajipanga.

Kabla ya yote chukua daftari la watoto lililobaki kurasa, andika matumizi ya mwezi mmoja tu. Usiandike unayodhani, andika yaliyotoka, na zile jero jero za kwa Mangi, duka la mtaani, uziandike hivo hivo maana hizo ndo zinazopotea, kiberiti, nyanya tatu, vocha, maandazi ya asubuhi. Meseji za muamala kwenye simu zitakukumbusha mengi, na makato ya kutuma na kutoa hela yajumlishe peke yake uone yanafika shilingi ngapi. Alafu gawa mara mbili, upande mmoja vitu vya kila mwezi (umeme, maji, nauli, mboga, sabuni), upande wa pili vitu vya mwaka, yaani nafaka, mafuta ya kula, sare na madaftari, kodi ya nyumba, bima kama unayo, michango ya harusi. Ada ya shule za serikali imefutwa, lakini sare, daftari na michango midogo midogo iko pale pale, usijidanganye. Upande huu wa pili ndo unaoangusha familia nyingi, kwa sababu haupo kwenye bajeti ya mwezi mpaka siku unapobisha hodi.

Hesabu ya mahindi. Pima kwako wenyewe, wiki moja tu, unga unaoingia kwenye sufuria. Familia ya baba, mama na watoto watatu ikila ugali mara moja kwa siku inaenda kama kilo moja ya unga kwa siku, weka na uji wa watoto, unapata kilo 35 hivi kwa mwezi. Kwa mwaka ni kilo 420, yaani magunia manne ya kilo mia na kidogo, hapo ni kama mnakula dona. Mkila sembe ongeza, maana kukoboa kunaondoa kama robo ya mzigo inageuka pumba, na kukoboa kwenyewe unalipia. Kama una kuku pumba haipotei, kama huna kuku basi unalipa hela kumpa mwenye mashine chakula cha kuku wake. Watoto wakigoma dona anza na kuchanganya nusu kwa nusu, na mtama nao usiusahau, ulizia bei yake kila mara maana kuna miaka unakua chini ya mahindi na ugali wake unakaa tumboni.

Ongeza gunia moja la wageni. Nasema kweli, sitanii. Mwezi wa pili shamba likiwa bado ndugu wa kijijini watakuja, na huwezi kumfukuza shangazi aliyekulea. Wazee wa Kigogo wana historia ya njaa kubwa ya Mtunya, ile ya miaka ya 1917 mpaka 1920, ukikaa nao utaelewa kwa nini bibi hawezi kulala na ghala tupu. Hilo gunia ukiliweka kwenye bajeti mapema hutakua na uso wa kununa mgeni akifika.

Hela ya kununulia yote hayo inatoka wapi? Hapa kuna jambo dogo ambalo naona watu hawaligusi. Vikoba vingi vinavunjwa Desemba, hela inaingia kwenye nguo za sikukuu na nauli, Januari umebaki na picha. Ongeeni kwenye kikoba chenu mvunje mwezi wa sita. Kama wengine hawataki, anzisheni wanne watano mchezo wenu wa chakula tu, kuanzia Julai mpaka Juni, kila mtu anaweka kiasi kidogo kila mwezi na hela haitoki mpaka mavuno. Mwenye mshahara aweke siku ile ile mshahara umesoma, asisubiri kitakachobaki. Anaeishi kwa siku, bodaboda, mama lishe, fundi, huyo asijilazimishe kununua gunia kwa mkupuo, anunue debe moja moja mwezi wa sita, wa saba na wa nane kila akipata, hata sado mbili mbili, miezi hiyo mitatu atakua amejaza gunia mbili tatu bila kukopa. Kukopa ili ununue chakula cha akiba sikushauri hata kidogo, riba inakula faida yote uliyoipata kwenye bei.

Kununua sasa. Soko la kimataifa la mahindi la Kibaigwa lipo hapo hapo Kongwa, barabara ya Morogoro, ukienda peke yako kwa gunia mbili nauli na usafiri vinakumaliza, mkijikusanya majirani watano mkakodi kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, mnagawana gharama. Kama una ndugu kijijini, Mvumi, Hombolo, Mpwapwa, Kondoa, nunua kwake moja kwa moja na umlipe bei ya haki usimlalie, mwakani utamhitaji tena. Dai mizani. Gunia la lumbesa, lile lililojazwa mpaka likafanya kilemba, linapendeza kwa macho ila mkulima anaumia na wewe hujui umebeba kilo ngapi, na madebe mengine yamebonyezwa chini.

Kabla hujalipa, angalia ukavu. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, weka mahindi kama robo, tia vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika kadhaa, acha yatulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa mahindi bado yana maji. Ikianguka yote chini yako vizuri, mimi hata hapo ningeyaanika siku moja mbili zaidi juu ya turubai, sio juu ya udongo. Hili usilichukulie mzaha. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, iliyokua kwenye mahindi, na sumukuvu haiondoki kwa kupika. Chambua punje zenye ukungu, zilizooza na zilizovunjika, usiwape watoto, na hizo mbovu usizirudishe kwenye uji eti hasara.

Kuhifadhi, tumia mifuko ya kinga njaa, wengine wanaiita PICS, ile yenye nailoni mbili ndani na kiroba nje. Inauzwa kwenye maduka ya pembejeo. Ni ghali kuliko kiroba cha kawaida ila huhitaji dawa, wadudu wanakosa hewa wanakufa humo ndani, hata dumuzi. Jaza, kamua hewa, funga nailoni ya kwanza kwa nguvu, ya pili, alafu kiroba. Weka juu ya chaga au mbao, mbali na ukuta, na pambana na panya kwa sababu tundu moja la panya linaua maana yote ya mfuko. Usifungue fungue kuchungulia. Fungua mmoja umalize ndo uhamie mwingine, na ukitunza vizuri mfuko huo utautumia tena mwakani ila ujaze maji au upulize kwanza uone kama hauvuji, ukiujaza maji uukaushe kabisa kabla ya kutia mahindi.

Mafuta ya alizeti nayo msimu wake ni huo huo. Mashine za kukamua zipo mjini hapa, Kibaigwa, na Singida ndo usiseme. Dumu la lita 20 mkigawana familia mbili linashuka sana bei ukilinganisha na ya kupima kwa kikombe. Ila mafuta ya mashine ndogo hayajasafishwa, usijaze ya mwaka mzima yataanza kunuka, ya miezi mitatu minne inatosha, yaache yatulie, mimina ya juu, weka gizani.

Mboga ni kinyume chake, rahisi wakati wa mvua. Februari mpaka Aprili mlenda, majani ya kunde, mchicha wa porini vinauzwa bei ya kutupa, na kiangazi fungu la mboga linakua dogo kama shada la harusi. Kwaiyo kausha. Majani ya kunde unachemsha kidogo, unaanika kivulini, unafunga kwenye chombo kikavu. Mlenda unaanika hivo hivo. Mlenda wa kukausha na karanga za kutwanga ni mboga ya watu watano kwa hela ambayo haifiki nusu kilo ya nyama, na anaeuona ni chakula cha shida basi hajaupata uliopikwa vizuri. Nyama tunakula mnadani Msalato Jumamosi moja moja, bajeti sio kifungo.

Maji. Wengi tunanunua dumu kwa dumu kiangazi wakati Januari tunaangalia maji ya bati yakitiririka barabarani. Hesabu yake ni nyepesi, milimita moja ya mvua kwenye mita ya mraba moja ya paa ni lita moja. Nyumba ya mita 10 kwa 6 ina paa la mita za mraba 60, mvua ya milimita 20 usiku mmoja ni lita 1,200, hata yakipotea kidogo sim tanki la lita elfu moja limejaa. Dodoma inapata kama milimita 550 mpaka 600 kwa mwaka, kwaiyo kwa paa hilo ni zaidi ya lita elfu 30 zinapita. Gata, ile mifereji ya kukinga maji ya bati, zifungwe Novemba, kabla mafundi hawajapandisha bei. Mvua ya kwanza iachie ikaoshe vumbi na kinyesi cha ndege, usiyaingize tankini. Mpangaji asiyeweza kufunga gata hata mapipa mawili chini ya bati ni kufua na kudeki kwa wiki.

Umeme. Kama nyumba yako inatumia chini ya uniti 75 kwa mwezi na bado uko kwenye tarifu ya kawaida, nenda ofisi ya TANESCO uombe D1, tarifu ya watumiaji wadogo. Uniti kwenye D1 ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, ile ya kawaida ni 292. Ila ukivuka 75 zinazozidi zinachajiwa 350, kwaiyo lazima ujipime. Ndo maana nyumba za wapangaji sita kwenye luku moja huwa hazifaidiki. Na ule mkato wa 1,500 kila mwezi sio wizi, ni kodi ya jengo, 18,000 kwa mwaka, na ni ya mwenye nyumba. Mpangaji weka risiti zako, ongea nae taratibu akukatie kwenye kodi ya pango. Kifaa chenye wati 1,000 kikiwaka saa nzima kinakula uniti moja, ukijua hilo utaacha kupiga pasi shati moja moja kila asubuhi. Maharage loweka usiku kucha, alafu uyapikie gesi, mkaa au jiko la presha la umeme, utaona mwenyewe tofauti.

Kodi ya nyumba, wenye nyumba wengi hapa toka serikali ihamie wanataka miezi sita. Ukipata nafasi ya kujadili, omba tarehe isidondoke Januari wala Juni. Lipa miezi mitano au saba mara moja tu ili mzunguko usogee. Michango ya harusi weka kiasi cha mwaka, kikiisha kimeisha, sema mapema kwenye kamati kwamba utachangia kiasi fulani, kuliko kuahidi laki alafu ukaanza kukwepa simu.

Na ukibanwa kweli Februari, mtoto anaumwa, hela hakuna, usikimbilie kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa. Uza debe mbili za yale mahindi, bei iko juu, hudaiwi na mtu, Juni utarudishia.

Kama unasoma hii mwezi wa kumi na bei imeshapanda, usikurupuke kujaza magunia sasa hivi. Nunua ya kukufikisha, anza na D1 na gata kwa sababu Desemba haiko mbali, na kale kamchezo ka chakula anzeni mwezi huu huu hata mkiwa watatu.