Fereti wanne nyumbani: ratiba ya siku inayokuonyesha nani hajala

Ukiwa na fereti mmoja, mnyama mdogo wa kufugwa anayekula nyama, asipokula utajua siku hiyohiyo. Ukiwa na wanne, bakuli litaisha kama kawaida, choo kitajaa kama kawaida, na mmoja anaweza kushinda bila kutia kitu tumboni usijue. Kundi humficha mgonjwa. Na fereti hana akiba ya kusubiri: chakula hupita tumboni mwake kwa saa 3 hadi 4 tu, kwa hiyo kwake nusu siku bila kula ni muda mrefu. Ratiba hii imepangwa ili kila mmoja aonekane peke yake, asubuhi na usiku.

Fereti ni wa ukoo mmoja na kicheche wa kwetu Afrika, ila yeye alitokana na kicheche wa Ulaya na amefugwa kwa zaidi ya miaka 2000. Dume huwa na kilo 1 hadi 2, jike gramu 600 hadi kilo 1. Huishi miaka 6 hadi 8, hulala saa 14 hadi 18 kwa siku, na akiamka hatulii. Kama unaishi Marekani, uliza sheria kabla ya kununua: California na Hawaii haziruhusu kumfuga, wala jiji la New York.

Asubuhi: choo kabla ya chakula

Fereti akiamka hujisaidia ndani ya dakika chache, akirudi kinyumenyume mpaka kwenye kona. Itumie tabia hiyo. Wakiwa bado wamelala, mtoe mmoja, mwinulie mdomo wa juu kwa kidole gumba uone kama fizi ni za waridi, kisha mweke kwenye beseni la choo mpaka amalize. Ndipo umtoe wa pili. Kwa wanne ni kazi ya dakika kumi hivi, na ukimaliza unajua kinyesi kipi ni cha nani.

Kinyesi kizuri ni cha kahawia, kimeshikamana, kina unene wa kalamu ya risasi au zaidi kidogo. Cha kijani chenye utelezi maana yake chakula kimepita haraka mno, au hakikuwepo. Kikiendelea hadi kesho yake, mpeleke kwa daktari wa wanyama. Kilichojaa chembechembe kama mtama ni mafuta na chakula kisichomeng'enywa. Cheusi kama lami ni damu iliyotoka tumboni, na hicho hakingoji kesho. Chembamba kama tambi, au kutokuwepo kabisa, hasa kwa fereti anayetapika au kujipangusa mdomo kwa kucha, ni dalili kwamba kuna kitu kimekwama utumboni. Huyo anahitaji daktari saa hiyohiyo.

Beseni liwe na ukuta mrefu nyuma, maana anayerudi kinyumenyume huinua mkia na kumwaga nje, na mbele liwe fupi ili aingie bila kuruka. Ndani tia punje za karatasi. Mchanga wa paka unaoganda ukilowa haufai, kwa sababu huganda vilevile puani na tumboni. Maranda ya msonobari na mwerezi hutoa harufu inayowasha mapafu. Kwa fereti wanne weka mabeseni manne, na mmoja wao akichagua kona nyingine, mpelekee beseni hukohuko. Ni rahisi kuliko kumgombeza, na kugombezwa haelewi.

Chakula

Fereti anakula nyama, basi. Hana sehemu ya utumbo ya kuchachushia mimea, kwa hiyo usimgawie ugali, wali, mkate, ndizi wala zabibu hata akiomba. Maziwa humharisha. Katika chakula kikavu tafuta protini ya asilimia 35 hadi 40 inayotoka kwenye nyama, mafuta karibu asilimia 20, na nyama itajwe kwanza kwenye orodha ya viambato. Pasipopatikana chakula cha fereti, cha watoto wa paka ndicho kinachokaribia. Cha mbwa hakifai.

Kadiria asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa mwili. Fereti wanne wenye jumla ya kilo 4 watakula gramu 200 hadi 280 kwa siku. Pima asubuhi unapoweka, pima tena kesho yake kilichobaki, uandike. Lakini kabla ya kuamini hesabu, kagua chini ya matandiko na nyuma ya kochi, kwa sababu fereti huficha chakula. Weka bakuli mbili mbalimbali. Kwenye kila kundi yupo anayekaa mbele ya bakuli na yupo anayemwogopa. Chakula kikae muda wote. Maji weka kwenye bakuli zito lisilopinduka, mililita 75 hadi 100 kwa kila mmoja kwa siku.

Moyo wa kuku, firigisi na ini kidogo ni nyongeza nzuri. Wazoeze aina kadhaa kabla hawajafikisha miezi sita, kwa kuwa baada ya hapo fereti huona chakula ni kile tu alichokulia akikinusa, na kumbadilisha huchukua wiki kadhaa za kuchanganya kidogokidogo. Tahadhari moja kuhusu kuku mbichi: fereti hupata mafua ya ndege, kwa hiyo usitumie nyama usiyojua ilikotoka.

Kizimba na joto

Kizimba cha ghorofa mbili chenye upana wa sentimita 90, kina cha 60 na kimo cha 160 kinawatosha wanne, ikiwa tu kila siku wanatoka nje yake. Nafasi kati ya nondo isizidi sentimita 2.5. Sakafu iwe imezibwa, kwani waya huumiza nyayo. Tundika machela za kitambaa mbili au tatu. Watalundikana kwenye moja, lakini anayeumwa huhamia peke yake, na machela tupu ndiyo itakayokuonyesha hilo.

Joto huwaua. Wanapumua vizuri kwenye nyuzi 15 hadi 21. Zikipita 27 wako hatarini. Gandisha maji kwenye chupa ya plastiki, izungushie taulo, ilaze kizimbani. Fereti aliyelegea, anayehema mdomo wazi, mlowanishe tumbo na miguu kwa maji ya kawaida, si ya barafu, kisha mkimbize kwa daktari.

Saa nne za nje

Wanahitaji angalau saa nne kwa siku nje ya kizimba, na nyakati nzuri ni alfajiri na jioni. Panapopita kichwa chake, mwili wote utapita. Ziba matundu ya mabomba na nyuma ya friji. Kochi la kukunjuka lenye chuma na springi liondoe kabisa, kwani limewabana na kuwaua fereti wengi. Kabla ya kuwasha mashine ya kufulia, tia mkono ndani.

Hatari kubwa zaidi ni mpira. Kandambili, vitufe vya rimoti, vipande vya sifongo, vizibo vya spika za masikioni: fereti, hasa wadogo, huvitafuna na kumeza, na huko ndiko utumbo unakoziba. Vidonge vya ibuprofeni na parasetamoli navyo ni sumu kwao, vifungie kabatini.

Kumwingiza mgeni

Mtenge chumba kingine kwa wiki mbili, uwe unanawa mikono kabla ya kuwarudia wenzake. Kisha wabadilishie matandiko ili harufu zizoeleke, na wakutanishe mahali ambapo hakuna aliyepazoea, mmojammoja, ukianza na aliye mpole. Kukamatana ukosi, kuburutana na kubiringishana ni kawaida, acha. Tenganisha ukiona damu, ukisikia kilio kisichokoma, au mmoja akijichafua kwa woga. Wengine huelewana siku moja, wengine mwezi.

Kucha, masikio na kuoga

Kucha zinakatwa kila baada ya wiki mbili. Mlaze chali mapajani, mdondoshee tone la mafuta ya samaki tumboni karibu na kitovu. Atajikunja kulamba, na hapo miguu yote minne iko huru mbele yako. Shika kidole kimoja, tafuta mstari mwekundu ndani ya ukucha, kata milimita moja au mbili mbele yake. Ukikosea damu ikatoka, bonyezea unga wa mahindi mpaka ikatike. Mafuta yakiisha tumboni ongeza tone.

Uchafu wa masikio wenye rangi ya kahawia-nyekundu ni wa kawaida. Mweusi kama kahawa iliyosagwa, pamoja na kujikuna, ni utitiri. Kuhusu kuoga, watu hukosea sana: unapomwosha mara kwa mara ngozi hukauka, mwili hutoa mafuta zaidi, na harufu hurudi kali kuliko mwanzo. Mara mbili au tatu kwa mwaka zinatosha. Kinachopunguza harufu ni kufua machela na blanketi kila wiki.

Yasiyosubiri

Distempa ya mbwa, ugonjwa wa virusi, huua karibu kila fereti anayeipata, kwa hiyo chanjo hiyo ni lazima. Marekani huongezwa ya kichaa cha mbwa. Baada ya sindano kaa kliniki nusu saa, kwani baadhi yao huvimba au kutapika. Mafua ya binadamu nayo huwapata: ukiwa unaumwa, mwachie mwingine kazi au vaa barakoa.

Jike asiyefungwa uzazi akiingia kwenye joto hatoki mpaka apandwe, na estrojeni, homoni ya kike, hukausha uboho wa mifupa hadi damu iishe mwilini. Zungumza na daktari mapema kuhusu upasuaji au kipandikizi cha deslorelini, dawa inayozuia homoni za uzazi. Manyoya yakianza kudondoka kutoka mkiani kupanda mgongoni, fikiria ugonjwa wa tezi ya adrenali, iliyo karibu na figo. Dume anayejikamua bila mkojo kutoka ana saa chache tu.

Wapime wote kila Jumapili kwenye mizani ya jikoni. Huongezeka kuelekea majira ya baridi na kupungua wakati wa joto, wote pamoja. Anayepungua peke yake ndiye wa kumpeleka.

Usiku

Rundo la fereti kwenye machela halihesabiki kwa macho. Ingiza mkono, mtoe kila mmoja. Utakutana na aliyelegea kama kitambaa, asiyeamka hata ukimtikisa. Tazama fizi: zikiwa za waridi, mwili una joto na anapumua sawasawa, huo ni usingizi wao mzito, na ndani ya dakika moja au mbili atapiga miayo. Fizi zikiwa zimepauka, anatoa udenda, macho yamekodoa, au aliyeamka anaburuta miguu ya nyuma, sukari imeshuka, na kwa wenye umri wa miaka mitatu kwenda juu mara nyingi chanzo ni uvimbe wa kongosho. Mpake asali kwenye fizi kwa kijiti cha pamba, kidole kisikaribie meno. Akizinduka mpe nyama iliyosagwa, kwa kuwa asali peke yake itapandisha sukari na kuiangusha tena, kisha mpigie daktari usiku huohuo.