Video ya nyumbani ikikataa kwenye runinga: namna ya kuibadilisha bila kuiharibu

Unachomeka flashi, jina la faili linaonekana, ukibofya runinga inasema fomati haitambuliki. Au picha inakuja bila sauti. Wengi hapo hukimbilia programu yoyote, huchagua "MP4", husubiri saa mbili, na faili jipya likakataa vilevile. MP4, MKV, AVI na MOV ni makasha tu. Pleya mara nyingi inagomea kilichomo ndani: kodeki, yaani namna ya kubana, ya picha (H.264, H.265, MPEG-2) au ya sauti (AAC, AC-3, DTS, PCM).

Hatua ya 1: Chungulia ndani

Sakinisha ffmpeg, programu ya kubadilisha video; ni ya bure na huja na ffprobe, inayoonyesha kilichomo ndani ya faili. Fungua dirisha la amri ndani ya folda yenye video, kisha andika (badala ya video.mov weka jina la faili lako):

ffprobe -hide_banner video.mov

Tafuta mistari yenye neno Stream. Video ya simu mpya inaweza kuonyesha hivi:

Video: hevc (Main 10), yuv420p10le, 3840x2160, 29.97 fps
Audio: aac, 48000 Hz, stereo

Hevc ndiyo H.265, na "10le" maana yake rangi ni za biti 10. Linganisha na kitabu cha pleya yako. Kitabu kikiwa kimepotea, lenga H.264 ya biti 8, 1080p, sauti AAC, ndani ya MP4. Ni nadra kukuta kifaa kinachokataa mchanganyiko huo.

Hatua ya 2: Ndani pakiwa sawa, hamisha kasha tu

Ukiona h264 na aac ndani ya MKV, usibane upya:

ffmpeg -i video.mkv -c copy video.mp4

Kazi huisha kwa sekunde chache na ubora haupungui hata chembe, kwa kuwa picha na sauti zimenakiliwa zilivyo. Tahadhari moja: video ya simu iliyopigwa wima hubeba alama ya kuizungusha, na pleya nyingine haziisomi. Watu wakitokea wamelala ubavu, nenda hatua ya 4. Ffmpeg huzizungusha fremu (picha moja moja za video) zenyewe inapobana upya.

Hatua ya 3: Picha ipo, sauti hakuna

Kamera nyingi za picha huhifadhi sauti kama PCM, na baadhi ya mafaili ya MKV yana DTS. Badilisha sauti peke yake, picha usiiguse:

ffmpeg -i video.mov -c:v copy -c:a aac -b:a 192k video.mp4

Hatua ya 4: Kubana upya

Hapa ndipo ubora hupotea, kwa hiyo fanya mara moja tu, tena kutoka faili la asili, kamwe si kutoka nakala iliyokwisha kubanwa.

ffmpeg -i video.mov -vf scale=-2:1080 -r 30 -c:v libx264 -crf 20 -preset slow -profile:v high -level 4.1 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 192k video.mp4

Namba ya kuchezea ni crf. Ikishuka, ubora na ukubwa hupanda. Tofauti ya 6 hukaribia kuongeza ukubwa mara mbili au kuupunguza nusu. Kati ya 18 na 22 panatosha kwa kumbukumbu za familia. Ukiisahau yuv420p, ffmpeg itajaribu kuiacha video ya biti 10 ikiwa biti 10, na H.264 ya namna hiyo hukataliwa na karibu kila runinga. Ile -r 30 inasaidia video za simu, ambazo mwendo wake wa fremu hupandashuka na kufanya midomo iachane na sauti. Chanzo kikiwa cha fremu 25, weka -r 25. Video ya wima, andika scale=1080:-2; iliyo chini ya 1080p, ondoa -vf scale=-2:1080 yote.

Kabla ya kuacha kompyuta ikeshe, jaribu dakika moja: weka -ss 00:05:00 -t 60 mbele ya -i, peleka kipande hicho kwenye runinga, angalia mtu anayetembea, sikiliza mtu anayeongea.

Kamera za kanda na mafaili ya MTS (ya kamera za video)

Kitu kikisogea na kingo zake zikaonekana kama meno ya kitana, kila fremu imeshonwa kwa mistari ya nyakati mbili. Badala ya -vf scale=-2:1080, andika -vf yadif, inayoitenganisha mistari hiyo. Ifanye kabla ya kupunguza ukubwa wa picha, maana mistari ikishachanganyika haitenganishiki tena. Kanda ya MiniDV hula takriban GB 13 kwa saa, na ikishabanwa kwa H.264 hupungua sana.

Flashi ikikataa kupokea faili lililo zima, angalia mfumo wake wa kuhifadhi mafaili. FAT32 haipokei faili linalofika GB 4, hata flashi iwe ya GB 64. Iumbize upya kwa exFAT kama runinga inaisoma (kila kilichomo kitafutika), la sivyo pandisha crf hadi 23 au gawa video vipande viwili.