Kuhamisha miamala ya benki kutoka meinfremu bila kupoteza senti

Usikimbilie kuandika upya programu za COBOL, lugha ya zamani inayotumika kwenye meinfremu (kompyuta kubwa za benki). Anza na data, maana huko ndiko pesa zinakopotelea.

Kiasi kilichotangazwa S9(7)V99 COMP-3 (namba iliyobanwa yenye alama, tarakimu saba, na mbili za senti) huchukua baiti 5. Kila baiti hubeba tarakimu mbili, isipokuwa ya mwisho: nusu yake ni alama, C kwa chanya na D kwa hasi. Nukta ya desimali haimo kabisa kwenye faili. Ukipitisha rekodi nzima kwenye kigeuzi cha EBCDIC (usimbaji wa herufi wa meinfremu) kwenda ASCII (ule wa kompyuta za kawaida), majina yatatoka safi lakini kiasi kitaharibika, tena kimyakimya. Kwa hiyo geuza sehemu moja moja kwa kufuata kopibuku (maelezo ya COBOL ya mpangilio wa rekodi), na upande mpya uhifadhi senti kama namba nzima.

Mpangilio nao husahaulika: EBCDIC hutanguliza herufi kabla ya tarakimu, ASCII kinyume chake. Kazi ya usiku inayolinganisha faili mbili zilizopangwa kwa taratibu hizi tofauti itaruka rekodi.

Kila muamala uwe na kitambulisho cha kipekee kinacholindwa na hifadhidata yenyewe, ili ombi likirudiwa baada ya mtandao kukatika, mteja asikatwe mara mbili.

Kisha endesha mifumo yote miwili sambamba mpaka hesabu za mwezi zifungwe (za mwaka ni bora zaidi, wakubwa wakikuvumilia). Linganisha salio la kila akaunti, si jumla tu; makosa mawili yanayofutana hujificha ndani ya jumla. Riba ikipishana kwa senti moja, kagua kwanza ukadirishaji: COBOL bila ROUNDED (neno linaloagiza kukadirisha) hukata tarakimu za ziada.