Mashine ya kadi ikikuuliza, chagua sarafu ya huko huko

Ukiwa nje ya nchi unalipa kwa kadi, soma kwanza kioo cha mashine kabla hujabonyeza kitu. Mara nyingi itakuuliza: ukatwe kwa sarafu ya nchi uliyopo au ya kwenu? Ya kwenu inavutia, maana hesabu unaielewa papo hapo, ila hapo ndipo pesa inapovuja. Kiwango cha kubadilisha hupangwa upande wa mwenye mashine, na kwa kawaida ni kibaya kuliko cha benki yako. Chagua ya huko huko, hata kwenye ATM. Mhudumu akikuchagulia bila kukuuliza, mwombe afute aanze upya.