Jinsi ya kuchora njia ya chakula, kutoka kinywani hadi duodeni (mwanzo wa utumbo mwembamba)

Kila muhula wanafunzi wananiuliza swali lile lile, mchoro huu unachorwaje, hata nikiwa kwenye feri ya Likoni na kikapu changu cha mboga. Naandika mara moja. Atakayeniuliza tena nitamwelekeza hapa.

1. Penseli, si kalamu. Utafuta.

2. Kinywa, meno, ulimi, tezi za mate. Haya mwayajua tangu shule ya msingi.

3. Koo. Ni njia panda ya hewa na chakula. Ukimeza, kifuniko cha zoloto (kisanduku cha sauti) hulala na kuziba njia ya hewa.

4. Umio, yaani bomba la chakula. Urefu wake kama sm 25. Uko NYUMA ya bomba la hewa, mbele ya uti wa mgongo. Nusu ya darasa huuchora mbele. Ukipima kutoka meno ya mbele, unaanza kwenye sm 15 na kuingia tumboni kwenye sm 40 hivi. Njiani unabanwa na upinde wa aota (mshipa mkuu wa damu utokao moyoni) na tawi la kushoto la bomba la hewa, kisha na diaframu, msuli unaotenga kifua na tumbo. Sarafu aliyomeza mtoto hupenda kukwama pale juu kabisa unapoanzia.

5. Mfuko wa tumbo. Hapa ndipo nilipoaibika. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha nilichora tumbo likaangukia kushoto kwa ubao. Kushoto si kushoto? Ini nikalipeleka upande wa pili, wengu nao nikauhamisha, nikasomesha karibu kipindi kizima. Mwishoni binti mmoja akainua mkono: "Mwalimu, huyu mgonjwa ametupa mgongo?" Darasa lilicheka hadi kengele. Mgonjwa anakutazama, kama mtu mliyekaa naye uso kwa uso barazani. Kushoto kwake ni kulia kwako. Kwa hiyo kabla hujachora chochote, andika KUSHOTO kwenye ukingo wa kulia wa karatasi. Umio ukishapita diaframu, kwenye pingili ya 10 ya uti wa mgongo, sehemu ya kifua, unapinda kuelekea neno hilo.
Onyo la pili: tumbo si chungu chenye mdomo juu. Umio unaingilia ubavuni, na juu ya mlango huo hubaki kuba. Hewa hukaa humo, ndiyo maana kwenye eksirei ya mtu aliyesimama utaona kiputo cheusi chini ya diaframu, upande wa kushoto.

6. Duodeni. Herufi C inayokumbatia kichwa cha kongosho. Nyongo huingilia sehemu ya pili. Malizia kwenye kano la Treitz, linaloshikilia mwisho wa duodeni, alilolieleza daktari wa Prague mwaka 1853. Damu inayovuja juu ya kano hilo ndiyo huitwa damu ya njia ya juu ya chakula.

MASWALI

mtoto_wa_kisauni: Mwalimu, kwani tumbo liko upande gani?
— Hatua ya 5.

cat_ni_kesho: Tutumie PDF tu, tuchapishe.
— Hakuna PDF. Kuna penseli.

msomaji_makini: Kitabu changu chasema sm 16, wewe wasema 15. Umekosea.
— Watu hawana kimo kimoja. Nimeandika mchoro, si sheria.

bi_wa_majengo: Mimi si mwanafunzi. Ramadhani nikifuturu nikajinyoosha kidogo, kiungulia chapanda hadi kooni. Mchoro wako waweza kunieleza?
— Waweza sana, mama. Mlango wa chini wa umio ni msuli tu, na ukilala tumbo likiwa limejaa, asidi hufika mlangoni. Bajia na viazi karai huchelewa kutoka tumboni kwa sababu ya mafuta. Kula kidogo, ngoja saa mbili tatu. Ukilazimika kulala, lalia ubavu wa kushoto: geuza karatasi uone, mfuko unaning'inia chini ya mlango. Lakini chakula kikianza kukwama, au choo kikiwa cheusi kama lami, nenda hospitali, usiningoje mimi.

penseli_mbili: Nimegundua "oesophagus" (umio kwa Kiingereza) ina herufi 10 na inapita diaframu kwenye pingili ya 10. "Vena cava", mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, 8, pingili ya 8. Ni bahati?
— Bahati tupu, na uitumie! "Aortic hiatus", tundu la kupitisha aota, ni 12, pingili ya 12. Ila shika tahajia ya Uingereza. Wamarekani wameangusha herufi moja, utamchana mgonjwa pasipo.

kijana_wa_feri: Chakula kinashuka kwa uzito wake?
— La. Umio unakisukuma kwa mawimbi ya misuli. Mtu aweza kumeza hata kichwa kikiwa chini.

kijana_wa_feri: Nimejaribu pale Mama Ngina, miguu juu. Maji yalipanda kweli, ila mengine yametokea puani.
— Hayo ni kaakaa laini, ile nyama ya nyuma ya paa la kinywa, halikuwahi kuziba njia ya pua. Ahsante, nitaliongeza hatua ya 3. Usirudie na mahamri.