Kuotesha Nyanya kwa Mboji Isiyo na Piti

Piti, inayotiwa katika michanganyiko mingi ya kuoteshea mimea inayouzwa madukani, ni mabaki ya mimea ya vinamasi yaliyolala ndani ya maji kwa maelfu ya miaka bila kuoza sawasawa, kwa sababu hewa haiyafikii. Tabaka lake huongezeka kwa takriban milimita 1 kwa mwaka, kwa hiyo kina cha mita 1 ni kazi ya karibu miaka 1,000. Vinamasi vya aina hiyo hufunika karibu asilimia 3 tu ya nchi kavu, lakini vimehifadhi kaboni nyingi kuliko miti ya misitu yote duniani, na vinapokaushwa ili vichimbwe, kaboni hiyo hupanda hewani. Nyanya humaliza maisha yake katika miezi michache. Sioni sababu ya kuilimia kwa kitu kisichoweza kurudishwa katika umri wa mtu.

Isitoshe, nyanya haihitaji piti. Inahitaji mizizi inayopata hewa, unyevu usioyumbayumba na chakula kinachofika kwa wakati. Wengi wanaojaribu mchanganyiko usio na piti na kukata tamaa hawakosei katika kupanda. Hukosea kwa kuendelea kumwagilia na kulisha kama walivyozoea, ilhali kilichomo ndani ya chombo kimebadilika.

Kwa vyombo vikubwa, ninachanganya kwa ujazo sehemu 4 za unga wa makumbi ya nazi, sehemu 3 za mboji iliyoiva na kuchekechwa, sehemu 2 za magome ya miti yaliyosagwa na kuvundikwa, na sehemu 1 ya mchanga mnene. Kila kimoja kina sharti lake. Makumbi mara nyingi hulowekwa katika maji ya chumvi wakati wa kutayarishwa, kwa hiyo yaoshe kwa maji safi mara mbili au tatu, ukiyakamua kila mara, mpaka maji yanayotoka yapungue rangi ya kahawia. Magome yasiwe mabichi, kwani vijidudu vinavyoyaozesha hunyang'anya naitrojeni kabla mizizi haijaipata, na mche huanza kugeuka manjano kutoka majani ya chini. Mboji iliyoiva inanukia udongo wa msituni baada ya mvua. Ikiwa bado ina joto katikati ya rundo au inatoa harufu kali inayochoma pua, iache iendelee kuiva. Usiongeze chokaa wala majivu kabla ya kupima, kwa maana nyanya hustawi pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, ikiwa kati ya 6.0 na 6.8, na mboji nyingi tayari ziko upande wa juu.

Kabla ya kuiamini mboji au samadi yoyote ambayo hukuitengeneza mwenyewe, ifanyie jaribio la maharage. Zipo dawa za kuua magugu ya majani mapana ambazo hupuliziwa malishoni, zikapita tumboni mwa ng'ombe bila kuharibika, zikaingia kwenye samadi na kudumu hata baada ya rundo kupata moto. Nyanya huumizwa na kiasi kidogo mno cha dawa hizo. Jaza vikopo vitatu kwa mboji unayoitilia shaka na vitatu vingine kwa udongo unaouamini, panda maharage matatu katika kila kikopo, kisha subiri wiki 3 hadi 4. Majani mapya yakijikunja kama kikombe na vikonyo vikapinda katika vikopo vya kwanza peke yake, mboji hiyo haifai. Msimu mmoja niliona wiki hizo ni nyingi nikaruka jaribio, na miche yangu yote ikatoa majani membamba yaliyojisokota. Sikuvuna hata tunda moja, wala hakuna dawa ya kuiponya miche iliyofikia hapo.

Mbegu zina matakwa tofauti na miche mikubwa. Chakula kingi huunguza mizizi michanga, kwa hiyo kitaluni tumia sehemu 3 za makumbi yaliyooshwa kwa sehemu 1 ya mboji laini. Zifukie mbegu kwa kina cha nusu sentimita hadi sentimita 1, na zikipata joto la nyuzi 20 hadi 27 za Selsiasi zitachomoza ndani ya siku 5 hadi 10. Mwagilia kwa kuiketisha trei ndani ya maji kwa dakika chache badala ya kunyunyizia juu, kisha iache ichuruzike, kwani uso unaobaki na majimaji ndio unaokaribisha kinyausi, ule ugonjwa unaokata shina jembamba usawa wa udongo na kuulaza mche usiku mmoja.

Mche ukifikia majani manne hadi sita ya kweli, yaani yanayofuata yale mawili ya kwanza yaliyotoka kwenye mbegu, uzoeshe jua kidogo kidogo kwa wiki moja, kisha uhamishie kwenye chombo chenye matundu chini, kisichopungua lita 15. Kwa aina zinazorefuka bila kukoma, lita 20 au zaidi ni salama zaidi. Ondoa majani ya chini na ufukie shina mpaka karibu na majani yaliyobaki, kwa kuwa sehemu iliyofukiwa hutoa mizizi mipya. Simika mti wa kuegemea siku hiyohiyo, maana ukiuchomeka baadaye utakata mizizi.

Sasa tuje kwenye maji, ambako mazao mengi hupotelea. Mchanganyiko wa makumbi na magome hukauka upesi juu, ukabadilika rangi na kuonekana kama jangwa, huku chini ukiwa umelowa. Anayemwagilia kwa kutazama uso huizamisha mizizi. Ingiza kidole mpaka pingili ya pili: ukihisi ubaridi na chembe zikagandama kwenye ngozi, acha, kidole kikitoka kikavu, mwagilia. Njia nyingine ni kukiinamisha chombo kwa mkono mmoja asubuhi. Baada ya wiki moja mkono utaujua uzito wa chombo kilichoshiba na wa chenye kiu. Majani yaliyolegea saa sita mchana hayatoshi kuwa ushahidi. Yakiwa bado yamelegea alfajiri, hapo kuna tatizo. Maji kidogo kidogo mara kwa mara yanafaa kuliko kumimina mengi kwa siku moja, kwani sehemu kubwa ya hayo mengi hupita na kutoka na virutubisho.

Ukavu unaofuatwa na gharika ndio pia unaoleta doa jeusi lililobonyea kwenye kitako cha tunda. Hutokea kalsiamu isipofika kwenye tunda, na kalsiamu husafiri na maji. Makumbi nayo hushikilia kiasi cha kalsiamu, kwa hiyo mbolea ya maji yenye kalsiamu ni bima nzuri. Lakini umwagiliaji usiobadilikabadilika husaidia zaidi.

Chakula kilichomo kwenye mchanganyiko kitatosha kwa wiki 4 hadi 6. Matunda ya kwanza yakifikia ukubwa wa mbaazi, anza kulisha kila baada ya siku 7 hadi 10 kwa mbolea ya maji yenye potasiamu nyingi kuliko naitrojeni, na uitie kwenye mchanganyiko wenye unyevu, kamwe si mkavu. Ukiona majani ya kijani kizito yanazidi na maua ni machache, naitrojeni imezidi. Kwa aina zinazorefuka, ng'oa machipukizi yanayotoka kwenye makwapa ya majani yangali madogo.

Kufikia katikati ya msimu utaona mchanganyiko umeshuka sentimita kadhaa, kwa sababu bado unaoza. Jazia mboji kuzunguka shina, nalo litatoa mizizi humo. Mavuno yakiisha, usipande tena nyanya, biringanya, pilipili wala viazi mviringo katika mchanganyiko huo, kwa kuwa magonjwa yao ni ya ukoo mmoja. Kama mimea ilikuwa na afya, umwage kwenye tuta la maharage au mchicha.