Somo: Taruma likikataa kuingia kwenye mkuku

Somo hili linawahusu wenzetu walioanza kuunda mashua ya mfano kutoka katika seti ya mbao zilizokatwa kiwandani, ile ambayo mataruma ya plaiwudi, yaani mbavu za chombo, hupachikwa kwenye mkuku, ule ubao mrefu wa katikati utokao mbele hadi nyuma, kisha vibao vyembamba hubandikwa juu yake. Maswali mengi mnayoniletea yana asili moja: taruma halishuki hadi mwisho wa mkato wake. Naomba usikimbilie tupa ya kusugulia.

Hatua ya kwanza ni kuziacha mbao zizoee hewa ya chumba. Plaiwudi ikinywa unyevu hunenepa, na hapa Arusha mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea, ongezeko dogo kuliko unene wa karatasi linatosha kuukaza mkato. Mwaka mmoja nilitanua mikato mitatu mwezi huohuo, nikaiweka kazi kando. Nilipoirudia Oktoba, mataruma yalicheza kama jino la mtoto, ikanibidi niyajazie maranda. Vitoe vipande kwenye nailoni na uviache ndani kwa wiki moja, mbali na jua na jiko.

Hatua ya pili, ulaze mkuku juu ya kioo. Ukiwa umepinda, lowesha kidogo upande ulioingia ndani, kwa kuwa ndio unaohitaji kutanuka, kisha uukandamize kwa vitabu vizito mpaka ukauke.

Hatua ya tatu ndiyo yenye kazi. Pachika mataruma yote bila gundi. Linalokaza, paka penseli kwenye kingo za mkato wake, lisukume taratibu, ulichomoe. Penseli itakuwa imehamia mahali palipobana, nawe utasugua hapo tu, kwa msasa namba 240 uliozungushiwa kijiti bapa. Taruma likishashuka, hakikisha kichwa chake kiko sawa na mgongo wa mkuku, maana sitaha italala hapo.

Mwisho, pitisha kibao kimoja juu ya mataruma yote kutoka gubetini (mbele ya chombo) hadi tezini (nyuma). Kikigusa ukingo mmoja tu wa taruma, sugua ukingo huo uwe mshazari. Kikiruka taruma moja bila kuligusa, liongezee ukanda mwembamba wa mbao. Usiyapunguze majirani zake, kwani utaiharibu sura ya mashua nzima.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, mimi niko Moshi. Mataruma yamekaa vizuri, lakini vibao vinapandana kwenye gubeti. Nimekosea wapi?

Jibu: Hukukosea kupachika. Idadi ileile ya vibao inayofunika taruma pana la katikati inalazimishwa kupita mahali pembamba. Zungushia taruma ukanda wa karatasi na uupime. Tuseme katikati umepata milimita 80, yaani vibao 16 vya milimita 5. Gubetini ukipata milimita 56, kila kibao kipunguzwe polepole hadi milimita 3.5 kwenye ncha. Usishuke chini ya nusu ya upana wake, kwa sababu ncha itapasuka. Ni afadhali kibao kimoja kiishie njiani na majirani wake wakutane.

Swali: Shikamoo mwalimu. Niliviloweka vibao vikakunjika vizuri, nikavibandika, lakini vilipokauka nyufa zikatokea kati yake.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Ulibandika vikiwa bado vimevimba. Mbao hutanuka upana, si urefu, na ikikauka hurudi ilikokuwa. Kibao kilicholoweshwa kibane mahali pake kwa vibanio vya nguo, kilale hapo usiku kucha, ndipo utie gundi. Nyufa ulizonazo zijaze unga wa msasa wa mbao ileile uliokorogwa na gundi nyeupe. Makalafati wa pwani, wale mafundi wa kuziba nyufa za vyombo, hutumia pamba iliyotiwa mafuta, lakini chombo chako hakiendi majini.

Swali: Je, naweza kutumia supagluu kwenye mataruma ili niharakishe?

Jibu: Hapana. Hushika kabla hujamaliza kuangalia kama taruma limesimama wima, na gundi nyeupe inakupa dakika kadhaa za kulirekebisha.